Mlango Niliokataa Kuupuliza

Katika banda letu hakuna aliyeruhusiwa kusema neno juu ya kazi ya mwenzake mpaka mwenye kazi ainame na kuipuliza vumbi. Hata kama uliona mguu wa kiti umekaa upande, au ufa umeanza kutambaa kwenye ubao, ulifunga mdomo ukaendelea na lako. Siku mwenyewe alipoinama akapuliza, vumbi likaruka, hapo ruksa. Ungesema chochote, na yeye hakutakiwa kununa. Niliikuta sheria hii nilipoanza kwenda pale na niliipenda sana, kwa sababu mimi ni mtu nisiyependa kusahihishwa. Nilikuwa mwalimu, na kusahihisha ilikuwa kazi yangu, si ya watu wengine.

Banda lenyewe lilijengwa na watu wa barabara, enzi za Mwingereza, nje kidogo ya Kinampanda, kwa ajili ya kuwekea makoleo na toroli zao. Barabara ilipokwisha kupita wakaondoka na zana zao, wakatuachia paa la bati na nguzo zake. Jumamosi mchana, baada ya kazi za shamba na za mwajiri, tulikutana hapo sisi tuliokuwa tunapenda mbao. Hakuna aliyekuwa fundi wa kulipwa. Wengi walikuja wakachoka wakaacha. Waliodumu tulikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu, aliyeshona suruali wiki nzima na Jumamosi akachonga miiko ambayo sikuwahi kuona hata mmoja ukifika jikoni. Wa pili mimi, na randa yangu, msumeno wangu na rula ya shule. Wa tatu alikuwa baba mkwe wangu, mkulima na mfuga nyuki, ambaye alikuja na tezo moja tu, kile kishoka cha kuchongea chenye mpini mfupi, na hakuwahi kuongeza chombo kingine isipokuwa patasi siku za haja.

Ukwe wa siku zile haukuwa mchezo. Sikumtazama usoni, sikukaa naye gogo moja, na hatukupeana kitu mkononi. Akitaka nyundo yangu, niliiweka chini juu ya kipande cha mti, nikarudi nyuma, ndipo aje aichukue. Maneno yalipita kwa fundi cherehani. "Mwambie mwalimu asogeze msumeno wake," mzee alisema, nami nimesimama hatua tatu kutoka kwake. "Mwalimu," fundi cherehani alinigeukia kwa heshima zote, "mkwe wako anasema usogeze msumeno, kama hukusikia kwa masikio hayo makubwa." Kila Jumamosi tulipofunga kazi alituuliza leo tumeongea maneno mangapi, na mzee alijifanya hasikii.

Kulikuwa na jambo moja lililotuuma nyumbani. Mwaka wa tatu huo tangu nimwoe binti yake, na tulikuwa na mtoto wa kike aliyekwisha kuanza kutembea, lakini mzee hakuwa amekanyaga kwangu. Tulikuwa tunakaa nyumba ya walimu, yenye namba mlangoni. Alimwambia mama mkwe, naye akamwambia mke wangu, kwamba yeye hawezi kwenda kupiga hodi kwa Serikali. Mke wangu alilicheka neno hilo mbele za watu. Tukiwa wawili hakucheka. Alikuwa na hamu moja tu, kumwona baba yake ameketi ndani kwake akinywa maji ya mtungi wake. Ndiyo sababu nilijenga nyumba yangu mwenyewe, ya tofali za udongo, na ndiyo sababu niliamua kuitengenezea mlango ambao Kinampanda haijauona: wa vipande sita vilivyopachikwa kwenye fremu, wa kufungwa kwa bawaba nilizoagiza dukani Singida mjini.

Mbao nzuri ya mninga ilitoka mbali, pande za Rungwa, na ilibidi kusubiri lori. Mimi si mtu wa kusubiri. Nikachukua mti wa mtundu kwa wapasuaji mbao wa karibu, ukiwa bado mbichi, unanuka maji. Niliubeba hadi banda nikaanza kupiga randa siku hiyohiyo.

Majuma kadhaa baadaye mzee aliletewa kipande kinene cha mkola, mti mgumu, nusu ya gogo zima, kilichokaushwa kivulini miaka sijui mingapi. Alikilaza upande wake wa banda, akakaa akinipa mgongo, akaanza. Sote tulidhani ni hori la kunyweshea ndama. Hakuna aliyeuliza, kwani hakuwa amepuliza.

Nilikuwa nimemwona akichonga vitu vidogo, vigoda na mizinga, lakini sikuwahi kumwona na kitu kikubwa namna ile. Hakuchora mstari. Hakupima. Aliweka mguu wake pembeni ya mti, akashusha tezo karibu na vidole vya mguu huo, na kila iliposhuka ilitoa kibanzi kimoja kirefu kilichoruka na kulala. Sauti yake haikubadilika tangu mchana mpaka jua lilipokaribia kuzama. Mimi nilikuwa najigamba moyoni kwamba randa imeshinda tezo, kwamba mambo ya wazee yamepitwa, lakini mara kwa mara nilijikuta nimesimama na randa mkononi, nimeacha kazi, nasikiliza tu.

Jumamosi moja alitoka kwenda kunywa maji kisimani. Nikaangalia huku na huku. Nikachukua rula yangu ya shule, nikapiga magoti, nikaisimamisha kwa ukingo wake juu ya ule mkola alioulainisha kwa tezo peke yake. Niliinamisha kichwa hadi jicho likawa usawa wa mti, kutafuta mwanga unaopita chini ya rula. Mbao yangu ya randa ilikuwa inapitisha mwanga sehemu mbili, nilikwisha kuipima na kunyamaza. Hapa hapakupita mwanga. Nikaigeuza rula, nikaiweka kwa mshazari, nikaenda upande wa pili. Hapakupita. Nilijiuliza mtu anawezaje kujua kwa mkono kitu ambacho mimi nilihitaji rula na chuo kizima kukijua.

"Mwalimu!" Fundi cherehani alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko wake. "Unamsahihishia mkwe wako? Umempa ngapi?"

Nilimwomba kwa jina la Mungu asiseme. Kugusa kazi ya mwenzio ambayo haijapulizwa kulikuwa ni kosa la kukufukuzisha bandani, achilia mbali kazi ya mkwe. Hakusema, lakini alinitoza kicheko kila tulipokutana kwa mwezi mzima.

Sheria nyingine ya banda ilikuwa kila mtu azoe takataka zake akamwashie mke wake moto. Singida kuna upepo, kila mtu anajua. Jumamosi ile ulivuma mpaka bati zikagonga, vibanzi vya mzee vikahamia upande wangu vikachanganyika na maranda yangu. Nikazoa vyote kwenye kikapu nikaondoka.

Jioni mke wangu alipiga magoti mbele ya mafiga, akaingiza mkono kikapuni, akasita. Akatoa kibanzi kimoja, akakigeuza, akakinusa. Akatoa kingine.

"Hivi si vyako," alisema. "Hivi ni vya tata." Ndivyo alivyomwita baba yake.

"Upepo ulivileta. Anachonga hori la ndama."

"Hachongi hori." Aliviweka vibanzi viwili kwenye kiganja, kimoja juu ya kingine, vikalingana kabisa. "Ukichimba hori kibanzi kinatoka kifupi, kimejikunja, kwa sababu tezo inaingia shimoni. Kinu nacho hutoa vya namna yake. Hiki kimetoka mahali papana na bapa. Tata akitoa vibanzi hivi anachonga mlango."

Alilelewa akiwasha moto kwa vibanzi vya baba yake, na kabla hajajua kusoma barua alijua kwa mkono kitakachofuata nyumbani, kigoda au mzinga. Milango alimwona akichonga mmoja tu, wa nyumba ya bibi yake, naye akiwa mtoto, na hakuwa ameusahau mguso wa takataka zake.

"Wa nani?" niliuliza, ingawa nilijua.

Uso wake ulikuwa umechangamka kuliko nilivyouona tangu mtoto azaliwe. "Wetu," alisema. "Anataka kuja kwetu."

Mume mwenye akili angefurahi. Mimi nilikasirika. Nyumba yangu, mlango wangu, jasho langu, halafu mtu mzima anakaa amenipa mgongo anatengeneza mlango wa pili kwa nafasi hiyohiyo moja! Niliona ni mashindano, tena ya kunidhalilisha. Nikasema maneno ambayo siyarudii hapa. Mke wangu alitia vibanzi motoni kimoja kimoja.

Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi kwa haraka. Baada ya shule nilikwenda bandani peke yangu, hata siku zisizo zetu. Nilichonga viungo vyangu vizuri, hilo sitalikana, na mvua za mwisho zilipokuwa zinaisha niliubeba mlango nyumbani, nikaupaka mafuta ya nyonyo ukang'aa, nikaufunga kwa bawaba, tukahamia. Sikuupuliza bandani hata siku moja. Nilijua nikipuliza mzee ataruhusiwa kusema.

Walikuja Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mzee na fundi cherehani, ubao wa mkola begani mwao, mmoja mbele mmoja nyuma. Niliwaona tangu mbali, nikasimama uani nimeinamisha macho. Ulikuwa kipande kimoja kizima, kipana kama nafasi ya mlango, na kwenye ubavu mmoja, juu na chini, zilitokeza ncha mbili za kuzungukia, zilizochongwa kwenye mti uleule. Hauna msumari. Hauna kiungo.

Nikasema shikamoo. Akaitikia. Kisha akaona mlango wangu umekwisha kufungwa, unang'aa kwa mafuta. Aliutazama muda mrefu. Alimwashiria fundi cherehani, wakautua mkola taratibu, wakausimamisha ukutani, na mzee akatafuta mawe mawili akayaweka chini yake ili mchwa wasiufikie. Akambeba mjukuu wake kidogo, akamshusha. Mke wangu alikuwa amekwisha kutoka na kata ya maji, ameishika kwa mikono miwili.

"Nitakunywa siku nyingine, mwanangu," alisema, na wakaondoka. Fundi cherehani hakunitania.

Mke wangu alikwenda akaweka mguu wake mahali baba yake aliposimama, hatua mbili kutoka kizingitini. "Amefika mpaka hapa," alisema, akaanza kulia, na maji ya kata yakamwagika. Niliona aibu sana. Lakini aibu yangu ilikuwa ya mtu mwenye kiburi, ikanifanya nizidi kunyamaza.

Kiangazi kikaniadhibu. Upepo mkavu ulipoanza, mtundu ule ukatoa maji yake na kusinyaa. Kwanza vipande vilianza kulegea vikawa vinalia kila mlango ulipofunguliwa. Kisha nyufa zikafunguka, kwanza za kupitisha jani, baadaye za kupitisha kidole. Vumbi la njiani liliingia hadi kwenye ugali. Wanafunzi wangu walipopita waliniamkia bila kubisha, "Shikamoo mwalimu," kupitia ufa, na mimi niliitikia nikiwa nimeketi mezani. Mke wangu alizibazibia matambara. Hakuniambia neno hata moja juu ya mlango ule, na najua ni kwa nini: alikuwa binti wa banda kuliko sisi sote, na mimi nilikuwa sijapuliza.

Jumamosi moja niliamka nikafungua bawaba kwa bisibisi. Nikajitwika mlango kichwani, nikaubeba mchana kweupe mpaka bandani, watu wakinitazama njia nzima. Wote wawili walikuwepo. Nikaulaza chini, upande wa mzee, mbele ya miguu yake. Nikainama nikapuliza. Nilipuliza tangu juu mpaka chini, kila kipande, na machozi yalinitoka nikasingizia vumbi.

Mzee aliweka tezo chini. Akachuchumaa. Aligonga kila kipande kwa kifundo cha kidole akisikiliza, akapitisha kucha kwenye nyufa, akaugeuza mlango akautazama mgongo wake.

"Mwambie mwalimu," alimwambia fundi cherehani, "mbao zilikuwa mbichi."

"Mwalimu, mbao..."

"Nimesikia," nilisema.

"Mwambie niliona siku ileile alipozileta. Nilikaa nikisubiri apulize nimwambie. Akipiga randa nasubiri. Akipima nasubiri. Nilipoona hapulizi, nikasema basi, ngoja nichonge mwingine uwe tayari. Kiangazi kisije kikamkuta mwanangu na mjukuu wangu kwenye upepo."

Fundi cherehani hakurudia. Alikuwa anatazama mwiko wake. Nami nilisimama pale nikielewa, pole pole na kwa maumivu, kwamba mashindano yale niliyashindana peke yangu. Mzee alikuwa na neno moja la kunisaidia, na kwa heshima ya sheria yetu alilimeza, akalitumia miezi ile yote kuchonga.

"Na mwambie," mzee aliendelea, kidole chake kikiwa kwenye kona ya fremu, "viungo hivi ni vizuri. Mimi viungo vya namna hii sijui kuvikata."

Kesho yake alikuja na tezo, patasi na donge la nta ya nyuki wake. Alichimba tundu moja kwenye kizingiti na jingine kwenye boriti ya juu, akayapaka nta. Tukaunyanyua mkola, yeye upande wake na mimi upande wangu, ncha zikaingia. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwonyesha asukume. Mtoto wa miaka miwili aliweka kiganja juu ya ule mti ambao watu wazima wawili walihema kuubeba, akasukuma, na ukazunguka wote, bila sauti, mpaka ukagusa ukuta. Mtoto alicheka akasukuma tena. Nimeona treni na nimeona ndege, lakini sijaona kitu cha kunishangaza kama kile.

Mzee akatoka nje. Akauvuta mlango ukafunga, tukabaki gizani mimi, mke wangu na mtoto, hata mstari wa mwanga hakuna. Kisha tukasikia.

"Hodi!"

Mke wangu alinisukuma mbele. Ilibidi niseme mimi. "Karibu, baba." Akaingia, akaketi, akanywa maji kata nzima, akaomba nyingine.

Alipoondoka alimwambia mkewe, na mkewe akatuletea habari, kwamba ule mlango wangu ulioko bandani asiuguse mtu, ameutaka yeye. Nilidhani ataufanya kizizi cha ndama, na nilistahili.

Nilikwenda kwake mwishoni mwa kiangazi kupeleka mbegu za mtama. Nilifika uani nikasimama. Mlango wake wa zamani haukuwepo. Pale alipokuwa akipita maisha yake yote palikuwa na mlango wangu wa vipande sita, na bawaba zangu za dukani. Nikausogelea kutafuta nyufa. Kila ufa ulikuwa umezibwa kwa utepe wa mkola, mwembamba, mwekundu kidogo kuliko mtundu, uliochongwa kwa tezo ukaingizwa kwa nguvu. Nilipitisha ukucha juu ya kila utepe. Ukucha haukukwama mahali popote.

Mzee alitoka kwenye kivuli cha zizi. Nikainamisha macho, nikamwamkia. Akaitikia. Alikuja mpaka mlangoni, akainama, akapuliza. Kabla ya hapo hakuwahi kupuliza kazi mbele yangu. Kila alipotaka kusikia maneno ya watu bandani alisubiri niondoke.

Mimi ambaye kazi yangu ni kusema nilitafuta la kusema. Fundi cherehani hakuwepo wa kunipitishia.

"Baba," nilisema, "sioni mbao zilipoungwa."

Akacheka kidogo. Alikuwa na tezo yake begani. Aliishusha, akaigeuzia makali upande wake, akaninyooshea mpini, na hakuiweka chini. Alingoja mpaka nilipoipokea kutoka mkononi mwake.